Viraka vya Rangi Moja: Namna ya Kupanga Mfarishi

Naomba msicheke mkiona kwamba mvulana wa mwaka wa sita anaandika habari za sindano na uzi. Baba yangu ni fundi wa cherehani katika mji wa Kabale, nami nilijua kupachika kifungo kabla sijajua kusoma. Tena sisi wa Kigezi twakaa zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba usiku ni baridi hata meno hugongana. Basi habari ya kitu cha kujifunika si ya mama zetu peke yao.

Kitu ninachotaka kukieleza ni mfarishi. Neno hili ni la watu wa pwani, nao hulitumia kwa nguo iliyotiwa pamba ndani ikashonwa tabaka zote pamoja, ya kutandika au kujifunika. Mimi nalitumia hapa kwa ile namna ambayo uso wake ni vipande vingi vilivyoungwa. Una tabaka tatu: uso, ujazo na bitana. Sindano hupita katika tabaka zote tatu, mstari kwa mstari, ili ujazo usikimbilie upande mmoja.

Sasa nieleze jinsi jambo hili lilivyotuingia bwenini. Muhula wa pili alikuja kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwa na blanketi. Alilala na koti lake. Sisi wakubwa tulipogundua tulitaka kumchangia fedha, lakini alikataa kabisa, akasema hasikii baridi. Usiku wa pili nilimsikia akikohoa mpaka alfajiri. Nikakumbuka gunia la vipande lililo chini ya meza ya baba yangu, nikawaambia wenzangu kwamba tunaweza kumshonea kitu bila ya senti. Mmoja akaniuliza, "Unataka kumvika viraka, shule nzima imcheke?"

Swali hilo lilinichoma, maana lilikuwa la haki. Kwetu kiraka ni tangazo la umaskini. Mtu mwenye suruali ya kiraka hukaa chini upesi asionekane nyuma. Je, kipande kilichowekwa juu ya tundu na kipande kilichowekwa katika mfarishi vina tofauti gani, ikiwa kitambaa ni kile kile? Nilitafuta jawabu katika vitabu vya maktaba, kisha katika gunia la baba, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata.

Kwanza fikirini juu ya gunia lenyewe. Vitenge vina maua na michoro, lakini mteja hurudishiwa hata ukanda wa mwisho wa kitenge chake. Kinachobaki kwa fundi ni masalio ya sare za shule: buluu iliyokoza, damu ya mzee, kijivu, samawati, kaki, nyeupe. Yote ni ya rangi moja, hayana ua wala mstari. Nilidhani hiyo ni hasara, kwa kuwa nilifikiri uzuri wa nguo ni maua yake. Sikukumbuka kwamba babu zetu wa pwani walikuwa na majina maalum ya nguo za rangi moja: bafta nyeupe, kaniki nyeusi, bendera nyekundu, na ile marekani isiyotiwa rangi, ambayo wafanyi biashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts waliileta Unguja kwa wingi katika karne ya 19, hata ikapewa jina la nchi ilikotoka.

Nchi hiyo hiyo ya Marekani ndiko walikokuwako mabingwa wa mifarishi ya rangi moja. Wa kwanza ni Waamishi. Hawa ni Wakristo wenye asili ya Uswisi na Ujerumani, waliohamia Pennsylvania tangu karne ya 18. Mpaka leo wengi wao huendesha magari ya farasi, na nguo zao hazina maua, kwa kuwa huyahesabu kuwa majivuno. Wake zao walijifunza kushona mifarishi kwa majirani zao katika karne ya 19, lakini hawakuchukua vitambaa vya maua vya majirani. Walichukua vitambaa vile vile vya nguo zao. Katika wilaya ya Lancaster walipendelea sufu laini, ya zambarau, nyekundu iliyokoza, buluu na kijani. Mipango yao ni michache mno. Mmoja ni mraba mkubwa uliosimama kwa pembe yake katikati ya nguo. Mwingine ni mapande marefu yaliyosimama kama nguzo. Wa tatu waliuita Jua na Kivuli: vipande vidogo vya mraba vinavyozunguka kituo kimoja, duru baada ya duru, rangi ikikoza na kufifia na kukoza tena.

Mwaka 1971 jumba la sanaa la Whitney katika mji wa New York lilitundika mifarishi ya Marekani ukutani kama picha zilizochorwa na wasanii wakubwa. Walioikusanya walikuwa Jonathan Holstein na Gail van der Hoof. Watu walistaajabu kuona kwamba wanawake wa mashamba, bila kwenda chuo cha uchoraji, walikuwa wamekwisha fanya zamani mambo ambayo wachoraji wa mjini waliyaona kuwa mapya.

Mabingwa wa pili ndio walionigusa zaidi. Katika jimbo la Alabama mto hujipinda kama kwato ya farasi, na ndani ya pindo hilo kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend. Wakazi wake ni wajukuu wa watumwa waliolima pamba pale. Wengi wao huitwa Pettway, jina la yule aliyekuwa bwana wa shamba. Nyumba zao zilikuwa za mbao zenye nyufa, na mfarishi ulikuwa kinga ya baridi kabla haujawa kitu kingine chochote. Walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe. Akachukua nguo za kazi za marehemu, suruali na mashati, akaziunga kuwa mfarishi, binti yake Arlonzia akimsaidia. Katika vipande vile huonekana mahali palipofifia kwa jua na mahali ambapo mfuko ulikuwa umekaa. Hivyo ndivyo viraka kweli kweli, wala sijui mtu awezaye kuvicheka.

Tena watu hao hawakuwa wanashona tu. Katika miaka ya 1960 walipodai haki ya kupiga kura, kivuko cha kuwavusha mto kwenda makao makuu ya wilaya kiliondolewa, mwaka 1962. Safari iliyokuwa fupi majini ikawa ya mwendo mrefu sana barabarani. Kivuko hakikurudishwa mpaka 2006. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu zile walianzisha chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee, wakauza mifarishi yao miji ya mbali. Lakini ushirika una taabu yake pia: wanunuzi wa mjini hutaka kila mfarishi ufanane na ule waliouona kwanza, kwa hiyo kazi ya chama ikawa ya kufuatisha kipimo. Ile mifarishi ya akili ya mtu mwenyewe walizidi kuishona nyumbani kwa watoto wao. Mwaka 2002 jumba la sanaa la Houston liliionyesha hiyo ya nyumbani, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikachapa picha zake kumi katika stempu.

Jambo moja katika desturi yao nalitia mkazo, kwa sababu sisi tulilipuuza tukaharibu kazi. Mara nyingi mwanamke wa Gee's Bend hupanga na kuunga uso wa mfarishi peke yake, kwa shauri lake mwenyewe. Uso ukiisha ndipo wenzake huja kuketi pande zote za fremu ya mbao, kila mtu na sindano yake, wakishona tabaka tatu pamoja kwa ujima.

Sisi tulifanya kinyume. Tulikuwa saba, na kila mmoja alitaka rangi ya timu yake. Tukaviweka vipande sakafuni kwa kupiga kura. Kazi ilipokwisha nilisimama juu ya kitanda nikatazama chini, nikaona viraka, vya kuchekwa kweli. Hapakuwa na mahali pa jicho kupumzika.

Nilikwenda nyumbani Jumamosi nikamweleza baba. Aliniuliza, "Mmehesabu rangi, au mmehesabu giza?" Sikumwelewa. Akachukua damu ya mzee, kijani na buluu, akaviweka pamoja, akaniambia nifinye macho mpaka kope zikaribie kukutana. Nilifanya hivyo, na vitambaa vitatu vikawa kimoja! Majina yao ni mbalimbali, lakini kukoza kwao ni sawasawa. Kisha akatia kipande kidogo cha samawati katikati, nacho kikaonekana kama dirisha.

Hili ndilo somo kuu la vitambaa vya rangi moja. Kitambaa cha maua kina giza na mwanga wake ndani yake, nacho huficha makosa ya fundi. Kitambaa kitupu hakifichi kitu. Mpango wote umo katika jinsi rangi iliyokoza inavyokaa karibu na rangi iliyofifia. Kwa hiyo kabla ya kushona, panga vipande vyako vyote katika mstari mmoja, kutoka kilichokoza kuliko vyote mpaka kilichofifia kuliko vyote, usijali jina la rangi. Ukishindwa kuamua kati ya viwili, finya macho.

Mimi nilidhani nimegundua njia bora: kutazama jioni kabla ya taa kuwashwa. Nilikosea. Giza likiingia, nyekundu huwahi kuwa nyeusi na buluu hubaki iking'aa, hata kama mchana zilikuwa sawa. Purkinje, mtaalamu wa Bohemia, aliliandika jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19. Upange mchana.

Kuna ajabu nyingine ambayo fundi hukutana nayo kila siku bila kujua sababu. Kipande cha kijivu nilichokiweka katikati ya damu ya mzee kilionekana cha kijani kidogo. Nikakitoa, kikawa kijivu. Nikakirudisha, kijani tena. Mwanakemia Mfaransa Chevreul alikuwa mkuu wa kazi ya kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Aliletewa malalamiko kwamba rangi nyeusi ya kiwanda ni dhaifu. Alipochunguza alikuta nyeusi haina kosa lolote, ila jirani yake, buluu au urujuani, ndiye aliyeifanya ionekane dhaifu. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya jinsi rangi zinavyobadilishana zikikaa pamoja. Tokea nisome habari hiyo, siamui tena juu ya kipande kikiwa mkononi. Nakiweka mahali pake kwanza.

Sasa mambo ya mikono, ambayo nitayapitia upesi. Fueni vitambaa vyote kabla ya kukata, kwa maana pamba hunywea na tetroni hainywei, na vikinywea baada ya kushonwa nguo yote hukunjamana. Damu ya mzee na nyekundu zijaribuni kwa maji ya moto: gandamizeni kipande kilicholowa juu ya kitambaa cheupe, kikiacha alama msikitumie karibu na nyeupe. Msichanganye kaki nzito na kitambaa chepesi cha shati, mshono utavutwa. Pigeni pasi kila mshono kabla ya kushona unaofuata. Tabaka tatu zikiisha kulaliana, zipigeni bandi kwa uzi mrefu kwanza, kuanzia katikati kwenda pembeni, ndipo mshone mishono midogo ya kudumu.

Na hesabu! Hapa nina aibu. Tulitaka mfarishi wa inchi 60 kwa 72, yaani vipande vya inchi 6, kumi kwa upana na kumi na viwili kwa urefu, jumla 120. Mimi, mtoto wa fundi, nilikata vipande vya inchi 6 hasa. Nilisahau kwamba kila mshono hula robo inchi ya kila upande, kwa hiyo kipande cha inchi 6 hubaki inchi 5 na nusu. Upana ukawa inchi 55 na urefu 66. Ilinipasa kukata inchi 6 na nusu. Tuliokolewa na Waamishi. Mifarishi yao mingi ina pindo pana la rangi moja kuizunguka pande zote. Tukaongeza pindo la buluu lililokatwa inchi 3 na nusu, likabaki inchi 3 kila upande baada ya kushonwa, na vipimo vikawa inchi 61 kwa 72. Watu husifu pindo hilo kuliko sehemu zote, nami huitikia tu.

Lakini nimeruka jambo kubwa: ni nani aliyeupanga? Baada ya kufumua kazi yetu ya kwanza, tulikubaliana kwamba apange mtu mmoja. Tulikuwa tukibishana ni nani, yule kijana wa mwaka wa kwanza akaingia bwenini. Tulikuwa tumemficha. Akauliza ni kitu gani, na mmoja wetu, bila kufikiri, akamwambia ni kazi ya mkono ya bweni. Akapiga magoti akaanza kuvisogeza vipande. Tukamwacha.

Alikuwa na buluu 40, damu ya mzee 30, kijivu 24, samawati 14, nyeupe 11, na kimoja cha rangi ya machungwa kilichotoka katika fulana ya michezo. Mimi ningeweka nyeupe katikati kabisa, kama Jua na Kivuli. Yeye aliziweka nyeupe na samawati juu upande wa kushoto, zikakaa kama mwanga uingiao kwa mlango ulioachwa wazi kidogo. Kijivu kilizizunguka, damu ya mzee ikafuata, na buluu ikajaza upande wote wa chini. Kile cha machungwa alikitupa peke yake chini kulia, ndani ya buluu. Nilimwambia, "Hicho kimepotea." Akanijibu, "Hapana, ni mtu anakuja na taa."

Nilisoma baadaye kwamba wako washonaji wa siku hizi wapendao mambo hayo hayo. Chama chao cha mifarishi ya kisasa kilianzia Los Angeles mwaka 2009, na mwaka 2013 walifanya maonyesho yao makubwa ya kwanza mjini Austin, Texas. Hupenda rangi moja zenye nguvu, na mpango usiolingana pande mbili, na nafasi kubwa tupu ili jicho lipumue. Kijana wetu hakuwa amesoma habari zao, wala za Waamishi, wala za mtu ye yote. Alikuwa amevitazama vile vipande kwa muda mrefu kuliko sisi.

Tulishona wiki tatu, baada ya maandalio ya jioni, ujazo ukiwa ni blanketi kuukuu la mama yangu na bitana shuka mbili zilizounganishwa. Naye alishona pamoja nasi. Siku ulipokwisha tulimwambia kwamba mpangaji ndiye mwenye mali. Alitutazama mmoja mmoja, nadhani alifahamu yote, lakini hakukataa. Kitu alichokipanga mwenyewe hakikuwa sadaka. Hakuna aliyemcheka. Wawili wa mwaka wa tatu walitaka kubadilishana naye kwa blanketi jipya la dukani!

Ndipo likaja suala la mwisho. Wasichana wa shule moja ya jirani walikuja kwa mashindano ya kuimba, wakauona mfarishi umeanikwa kambani, wakaomba mpango wake. Bweni likagawanyika. Wengine walisema mpango ni wetu, tusiutoe. Mimi nilisema kwamba kule Gee's Bend mifarishi huanikwa nje, na kila apitaye hutazama na kurudi kwake na jambo jipya la kujaribu. Mpinzani wangu alikuwa amesoma kuliko nilivyodhani. Akasema: na mwaka 2007 baadhi ya wale wanawake hawakwenda mahakamani, wakidai malipo ya haki kwa michoro yao iliyochapwa katika bidhaa za watu wengine? Ni kweli, walikwenda, na mashauri yakamalizwa mwaka 2008. Nilinyamaza, maana jirani anayetazama kambani na mtu anayeuza mchoro wako dukani si mambo ya aina moja, lakini mwanzo wake hufanana.

Tulimwuliza mwenyewe. Akasema watolewe mpango, ila jina la aliyeupanga liandikwe kwa uzi katika kona ya bitana, na jina la atakayeubadili lifuate chini yake. Tukauchora katika karatasi ya miraba ya somo la hesabu, rangi kwa rangi, na safari hii nikaandika inchi 6 na nusu kwa herufi kubwa.

Mwezi uliopita wasichana walituletea barua. Wameumaliza, na majina mawili yamo konani kama tulivyoomba. Kijani cha sare yao wamekiweka mahali pa buluu, na kipande cha machungwa wamekiondoa. Tulipomsomea mwenye mpango maneno hayo alikaa kimya kidogo, halafu akauliza wameweka rangi gani mahali pale.